Helikopta zinamwaga maji, mbona moto hauzimiki?

SWALI: Hifadhi ya mlimani inaungua siku ya tano sasa. Helikopta zinamwaga maji kutwa, mbona moto hauzimiki?

JIBU: Ndugu msomaji, maji ya juu hupunguza makali tu. Anayeuzima moto ni mtu aliye chini na jembe lake, na kazi hiyo nimeifanya miaka mingi. Mbele ya moto tunakwangua ukanda, majani na mizizi, mpaka udongo mtupu uonekane, maana mzizi mmoja uliosahaulika unatosha kuuvusha moto.

Shida ni mteremko. Moto ukipanda, miali huinamia majani ya juu na kuyakausha kabla haijayagusa, hivyo humshinda mtu mbio. Korongo nalo huvuta moto kama bomba la moshi. Humo hatushushi mtu kamwe. Tunausubiri ng'ambo ya ukingo wa mlima.

Na moto ukifa juu ya udongo, chini yake bado upo. Niliwahi kuvua glavu nikapitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu yaliyoonekana baridi. Penye vuguvugu tukachimba, tukakuta kaa jekundu ndani ya kisiki. Upepo wa mchana ungeliamsha. Siku tano, ndugu yangu, bado ni chache.