Jazi ya bure Chicago, na kinanda cha kilo 190

Mmeuliza mawili: kama muziki wa jukwaani huku Chicago ni wa wenye hela tu, na kama kinanda cha umeme cha Hammond kinaweza kuja Dar kwa kontena, kwa ajili ya kwaya.

La kwanza: tamasha la jazi la jiji la Chicago, lililoanza 1979, halina kiingilio. Hufanyika Millennium Park karibu na Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Jukwaa kuu lina viti 4,000, nyuma yake nyasi za watu 7,000. Chukua mkeka, maji na kofia. Gharama haiko kwenye tiketi, iko kwenye zamu. Anayelipwa dola 18 kwa saa akiacha zamu ya saa 8 ya Jumamosi, dola 144 zimekwenda kabla ya kodi, na mara nyingi hizo ndizo za kutuma nyumbani. Semeni hivyo mnapowaona ndugu zenu hawana picha za starehe.

Ukiupata huo mchana wa jua, tafuta kundi la watatu: kinanda cha Hammond, gitaa, ngoma. Si jazi ya Morogoro Jazz wala Western Jazz, bendi zetu za dansi. Jina moja, muziki mwingine. Hakuna mwimbaji, hakuna mpiga besi. Tazama mkono wa kushoto wa mpiga kinanda: besi yote inatoka pale, mguu wa kushoto ukigusa pedali kuipa uzito. Mpiga ngoma anashika mdundo uleule dakika nane, kumi, na uzuri uko hapohapo. Mzoefu wa dansi atangoja chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka. Hapa chemko iko kwenye spika ya Leslie, ambayo pembe yake huzunguka mara 50 hivi kwa dakika. Swichi ikiguswa inapanda hadi 400 hivi, sauti inatetemeka, watu wanasimama.

La pili: Hammond B-3 ya Marekani msiisafirishe hivihivi. Ina karibu kilo 190 pamoja na benchi na pedali, ila uzito si tatizo kubwa. Mota yake hufuata umeme wa Hz 60, yaani unaopiga mizunguko 60 kwa sekunde, na wa nyumbani ni Hz 50. Transfoma itashusha volti 230 kuwa 120, lakini Hz haigusi. Kinanda kitalia chini kwa zaidi kidogo ya nusutoni tatu: ukibonyeza C unapata A iliyolegea, na hata kuhamisha ufunguo hakukuweki sawa na gitaa. Kinahitajika kifaa cha kubadili Hz. Jenereta nayo ikilemewa, sauti inashuka katikati ya wimbo.

Kukiwasha kuna swichi mbili. Shikilia ya kwanza sekunde 8, ongeza ya pili, shikilia zote sekunde 4, kisha achia ya kwanza. Ukiachia mapema mota haijashika mwendo, na utadhani kinanda ni kibovu.