Zimeni hiyo spika

Swali lenu la wiki, eti mgeni wa hifadhi aachwe atembee mwenyewe kiangazi au lazima aongozwe, limenigusa pabaya. Mimi kuongozwa sipendi tangu shule, mtu anakutangulia, huu mti fulani, ule mti fulani, wewe kazi yako kuitikia ndiyo. Na kiangazi ndo kabisa, njia kavu, inaonekana, utapoteaje?

Sasa Udzungwa, ile hifadhi ya milimani. Wanaopajua wanajua, mle gari halina pa kupita, ni miguu yako tu. Mwezi wa nane, tuko saba, tunapandisha maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, mimi na kandambili (msinicheke), jamaa yetu kabeba spika inadunda singeli. Muongozaji, naandika hivyo maana nikiandika "gaidi" mtaniitia polisi, alikaa kimya karibu nusu saa, nikasema afadhali. Mara akasimama, akainama, akaokota tunda limeng'atwa upande mmoja. Akaligeuza kwenye mwanga, alama za meno zinaonekana kabisa, utomvu bado unanata. Akasema kwa upole tu, "Jamani, zimeni hiyo."

Tukazima. Tumekaa pale mimi nahisi dakika ishirini, majani makavu ukihamisha mguu tu yanalia kama mifuko ya nailoni, majimoto, wale sisimizi wakali, wameshagundua vidole vyangu na kupiga kelele siwezi, namtukana yule baba kimoyomoyo. Ndo ukaja mlio, kama mtu anaunguruma ndani ya mtungi halafu anacheka. Akanong'ona, "Ngolaga." Ni kima wa milima ile tu, duniani kote hayupo kwingine, na wanasayansi wamekuja kumtambua 1979, wakati wenyeji jina walishampa zamani zao. Sisi tungempita na singeli yetu na tunda tungelikanyaga.

Kumwona sikumwona. Wenzangu watatu wanaapa waliona mkia, mimi nilikuwa nabandua majimoto, mpaka leo wananiambia wewe Sanje ulifuata majimoto. Juu kule maporomoko mazuri, unayaona mashamba ya miwa yote bondeni, sawa, lakini hayo hata kwenye picha utayaona.

Nilianza kuandika hapa nikitaka kusema waacheni watu watembee. Na bado nasema, zile njia fupi za karibu na geti, mtu mwenye viatu vyake na akili zake, muacheni. Ingawa tembo wapo mle, hilo nalo. Ila Sanje mimi bila muongozaji sipandi tena, na masika msiniulize kabisa. Lakini awe kama yule yule, ukinipa wa huu mti ule mti, bora nipotee.