Maswali ya Wasomaji: Kiwanda Kiliuzwa, Korosho Hazikuwemo

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Mtwara na Lindi zinahusu viwanda vya kubangua korosho vilivyokuwa mali ya umma. Viliuzwa, na vingi vina kufuli getini hadi leo. Tumechagua barua nne.

Wazee wetu wanasema kiwanda kilikuwa kinakwenda vizuri, mwekezaji ndiye aliyekiua. Ni kweli?
*Msomaji, Newala*

Wazee shikamooni, lakini hapa tarehe zinawakataa. Msimu wa 1973/74 mavuno ya korosho nchini yalifika tani 145,000. Viwanda vikubwa vya Likombe, Newala, Masasi, Lindi, Mtama na kwingineko vilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mikopo ya nje, mitambo ikitoka Italia na Japani. Vyote 12 kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokuwa vinakamilika, korosho zilikuwa zimeshapotea. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao. Ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa unakausha maua, na bei aliyopewa mkulima haikumshawishi hata kupalilia. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Kwa hiyo Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC) ilipoanza kunadi mashirika miaka ya 1990, viwanda vingi vya korosho vilikuwa vimeshasimama.

Hilo halimsafishi mwekezaji. Baadhi ya walionunua waligeuza majengo kuwa maghala: korosho ghafi zinaingia mlango huu na kutokea ule, hadi melini. Swali linalofaa ni kwa nini ghala lililipa kuliko mashine, na jibu liko kwenye hesabu.

Chukua kiwanda cha tani 10,000, na bei ya Sh 3,300 kwa kilo, ile aliyotangaza Rais Magufuli mwaka 2018. Korosho ghafi peke yake ni Sh bilioni 33. Mnada wa korosho ghafi ni wa miezi michache tu kuanzia Oktoba, ilhali mashine zinatakiwa kula mwaka mzima, kwa hiyo fedha zote zinatoka mwanzoni. Tuseme benki inatoza asilimia 18. Kwa kuwa mzigo unapungua kidogo kidogo ghalani, deni la wastani ni kama nusu, yaani bilioni 16.5, na riba yake inakaribia bilioni 3. Tani 10,000 za ghafi, zikitoa asilimia 22, ni tani 2,200 za korosho iliyobanguliwa. Kila kilo inakuwa imebeba Sh 15,000 za ghafi na takriban Sh 1,350 za riba kabla hujalipa umeme wala mbanguaji. Anayesafirisha ghafi kwenda India au Vietnam anauza ndani ya msimu, na riba yake ni ya wiki chache.

Mitambo nayo ilichangia hasara. Baadhi ya mashine zilikaanga korosho kwenye mafuta ya maganda yaliyochemka, kisha zikazirusha kwa nguvu zigonge ukuta na kupasuka. Zisipopangwa vizuri kwa ukubwa, ndogo zinatoka na ganda lake na kubwa zinasagika. Bei ya korosho nzima na ya vipande haifanani hata kidogo, kwa hiyo kiwanda kinachovunja sana kinaweza kushindwa hata kurudisha fedha ya ghafi. Mkataba wa mauzo ulihamisha paa, ardhi na vyuma hivi. Mtaji wa kununulia korosho haukuwemo.

Serikali ikimnyang'anya mwekezaji, tutaanza kubangua?
*Msomaji, Lindi*

Mnao mfano hapo hapo mjini. Kiwanda cha Buko kilirudishwa serikalini mwaka 2018 na kukabidhiwa jeshi, wakati wafanyabiashara walipokuwa wamekataliwa bei zao na Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe. Mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda, waliondolewa mwezi huo huo wa Novemba, na malori ya jeshi yakaingia kusomba mizigo. Bei ilipanda, ila wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi huku uhakiki ukiwatafuta wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi. Kumbadilisha mwenye hati hakubadilishi hesabu tuliyoifanya hapo juu.

Tungekuwa sisi, tungeanza na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini, au dola 160 kwa tani, na kinacholipwa ni kile kilicho kikubwa. Lengo lilikuwa ghafi ibaki nchini. Asilimia 65 ya fedha hiyo ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, pamoja na pembejeo, hadi mwaka 2018 ilipoelekezwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa mikoa ya korosho walilalamika sana bungeni, wa chama tawala wakiwemo. Anayenunua mnadani huupigia hesabu ushuru huo kabla ya kutaja bei, kwa hiyo sehemu yake inatoka mfukoni mwa mkulima. Ndiyo maana mjadala wa ubinafsishaji huku kusini haukai kwenye uchumi tu. Ghafi inaondoka kwa meli, ushuru ulielekezwa Hazina, na jengo tupu linabaki kwetu.

Marehemu baba alipunguzwa kazi kiwandani. Mafao yake tunadai wapi?
*Msomaji, Masasi*

Tenganisheni fedha mbili. Ya kwanza ni michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kama alichangia mfuko wa NPF, ulizeni NSSF, iliyoirithi. Kama ni PPF, nendeni PSSSF, iliyoundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko. Ya pili ni malipo ya kupunguzwa kazi, ambayo alipaswa kulipwa na mwajiri. Kama mwajiri alikuwa shirika la umma lililouzwa, andikieni Ofisi ya Msajili wa Hazina, maana kazi zilizobaki za PSRC ziliishia huko. Kabla ya yote fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo, kwani bila barua ya usimamizi hakuna ofisi itakayowasikiliza. Ambatanisheni cheti cha kifo, barua ya ajira au ya kupunguzwa, na namba ya uanachama. CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, msiifikirie sana: madai ya kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.

AMCOS yetu (chama cha msingi cha ushirika) inataka kukodi kiwanda cha zamani. Tukague nini?
*Msomaji, Mtama*

Anzeni na hati kabla ya mashine. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki, kisha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kuona kama kampuni hiyo bado hai. Masharti ya mauzo yaombeni kwa maandishi kwa Msajili wa Hazina chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kujibu. Mkikuta jengo limewekwa rehani, msilipe hata shilingi ya kishika mkono.

Ndani ya uzio, tazameni transfoma na nyaya, kwani ndizo huibwa kwanza. Boila isiwashwe kabla ya kukaguliwa na OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi: iliyolala miaka 20 huwa imeliwa na kutu kwa ndani hata kama nje imepakwa rangi. Paa la asibesto msilivunje wenyewe. Mitambo ya kurusha waachieni wauza vyuma chakavu, kisha wekeni ya kupika kwa mvuke na mashine ndogo za kupasulia. Maganda yenyewe yatakuwa kuni za boila.

Pimeni unyevu kila gunia linapopokelewa. Ghafi ikizidi asilimia 10 itaota ukungu ghalani. Kiini nacho kikikaushwa kupita kiasi huvunjika wakati wa kumenya ngozi ya ndani. Wabanguaji wapewe glavu au mafuta ya kupaka mikononi, kwa sababu utomvu wa ganda huunguza.

Msianze na tani 10,000. Hata tani 1,000, kwa bei ile ile ya Sh 3,300, zinataka bilioni 3.3 za ghafi tu. Ongeeni na chama kikuu cha ushirika na benki mwezi wa Juni. Mkisubiri mnada wa kwanza wa Oktoba ndipo muombe mkopo, mzigo wa daraja la kwanza utakuwa umeshanunuliwa.