Kilowati-saa au kilowati kwa saa?

SWALI: Nafundisha vijana ufundi umeme kwa Kiswahili hapa Tanga. Tukikokotoa ukinzani na nguvu ya kifaa kutokana na volteji na mkondo, wengi huandika "volti 230 zinapita kwenye jiko" na "nguvu ya ampia 5". Tukifika kwenye uniti wanaandika "kilowati kwa saa". Je, nisahihishe, au namba zikitoka sawa inatosha?

JIBU: Sahihisha, mwalimu, na uanze na hilo la mwisho. Limeenea mno, hata kwenye taarifa za habari, na ndilo linaloharibu hesabu zaidi.

"Kwa" ikikaa katikati ya vipimo viwili bila kitenzi, msikilizaji huelewa "kwa kila": kilomita 80 kwa saa, lita 10 kwa dakika, shilingi 3,000 kwa kilo. Ndani yake mna kugawanya. Uniti ya umeme haigawanyi chochote; inazidisha. Jiko la kilowati 1 likiwaka saa 1 limekula uniti 1, likiwaka saa 3 limekula uniti 3. Kama uniti ingekuwa kweli "kilowati kwa saa", jiko lililowaka kutwa nzima lingeonyesha namba ndogo kuliko lililowaka dakika chache, na hakuna mita ya LUKU inayosoma hivyo. Andika kilowati-saa, kwa kistari.

Kuna kijana atakayeuliza: mbona tunasema "zidisha 6 kwa 4"? Swali zuri. Hapo kitenzi "zidisha" ndicho kinachotoa amri, na "kwa" inakifuata tu. Ukiondoa kitenzi, "kwa" inabaki na maana yake ya "kila".

Sasa "nguvu". Mtaani neno hili hubeba kila kitu. Mtu akisema "leo umeme hauna nguvu", taa zimefifia, na mara nyingi kilichoshuka ni volteji. Simlaumu, wenzake wanamwelewa. Lakini katika daftari la fundi nguvu ni wati, basi. Ampia ni za mkondo. Kani ni ile inayosukuma au kuvuta kitu. Nishati ndiyo tunayoinunua, nayo ni nguvu iliyozidishwa kwa muda. Kijana anayeandika "nguvu ya ampia 5" amekwisha kuchanganya jibu na kitu alichopewa cha kulitafutia jibu, na swali likibadilishwa kidogo atapotea.

Hilo la "volti zinapita" nalo ni la kitenzi. Kinachopita ni mkondo, na lugha yenyewe inatusaidia: tuna mkondo wa mto na mkondo wa bahari, vyote vinakwenda. Volteji ni tofauti iliyopo kati ya ncha mbili, kwa hiyo haipiti, ipo. Ukinzani ni wa kifaa chenyewe. Ningependa vijana wako waandike hivi:

"Jiko limeunganishwa kwenye volteji ya volti 230, na mkondo wa ampia 5 unapita katika koili yake. Gawanya volteji kwa mkondo: ukinzani wa koili ni omu 46. Zidisha volteji kwa mkondo: nguvu ya jiko ni wati 1,150. Likiwaka mfululizo kwa saa 2, litatumia kilowati-saa 2.3."

Kila namba imepata mwenyewe na kitenzi chake. Angalia pia mpangilio baada ya "gawanya": kinachotangulia ndicho kinachogawanywa. Aliyeandika "gawanya mkondo kwa volteji" atapata kama 0.02 na kudhani jiko halina ukinzani wowote. (Hesabu hizi ni za jiko, pasi au hita. Friji ina mota, na huko kuzidisha volti kwa ampia huweza kutoa jibu linalozidi wati halisi.)

Umetumia "ukinzani", na umefanya vyema. Nimeona wengine wakiandika "upinzani wa waya". Upinzani tuwaachie wanasiasa, kwa kuwa fizikia ina neno lake lililokwisha kuzoeleka.

Kipimo kitangulie namba: volti 230, ampia 5, si "230 volti". Alama hufuata namba: 230 V, 5 A. Volti, ampia, omu na wati zimetokana na majina ya Volta, Ampère, Ohm na Watt, ndiyo maana alama zake ni za herufi kubwa, ingawa neno lenyewe huanza kwa herufi ndogo. Omu peke yake imepewa herufi ya Kigiriki, Ω, kwa sababu O ikikaa baada ya 46 ingesomeka 460.