Wapya Wanajiunga Wengi, Wanabaki Wachache

SWALI: Naongoza timu ya roboti ya wanafunzi. Mwanzoni mwa muhula hujiunga wapya kama 20; ikifika wiki ya 5 wamebaki 4. Kila mkutano tunawafundisha nadharia kwa saa nzima ili wasipate shida baadaye. Tunakosea wapi?
Nahodha

JIBU: Ndugu Nahodha, hiyo saa ya nadharia ndiyo inayowaondoa. Mtu aliyekuja kuunda roboti akikaa mikutano 3 anasikiliza tu, anaona timu haimhitaji.

Siku ya kwanza, kabla ya dakika 20 kupita, kila mpya awe ameshika kifaa. Mpe kazi inayoisha siku hiyohiyo na ambayo roboti inaihitaji kweli. Kufunga vichwa vya nyaya, yaani vipande vya chuma vya kuunganishia, inafaa sana: achune ganda, avike kichwa, abane kwa koleo la kubania vichwa hivyo, kisha auvute waya kwa nguvu. Ukichomoka, arudie. Hapo anajifunza kazi pamoja na namna ya kuikagua mwenyewe, bila kusubiri kuambiwa kama amepatia. Kufagia na kupanga skrubu ni kazi ya wote. Mkiwaachia wapya peke yao, wataondoka, na wana haki.

Kila mkongwe apewe wapya 2, wasizidi. Meza yenye watu 5 huwa na watazamaji 3. Msiwatenge wapya kwenye kundi lao, maana wakikwama watamuuliza nani? Tena mkongwe aeleze, mpya ndiye ashike bisibisi au kibodi. Kazi itachelewa, pengine mara mbili, kwa hiyo ratiba ilijue hilo mapema. Timu nyingi huharibu hapa: mashindano yakikaribia, wakongwe wananyang'anya kazi ili iishe haraka, na mpya anarudi kusimama nyuma. Kabla ya kipindi hicho, wapya wawe na majukumu yao yasiyoguswa, kama kuchaji na kupima betri, au kukagua nyaya na skrubu kabla ya kila raundi.

Asiyefika mara moja atafutwe na mkongwe wake kabla ya mkutano unaofuata. "Mbona hukuja?" humtia mtu aibu. "Tumefika kwenye mota ya kushoto, njoo tuifunge" humrudisha.

Maamuzi yafanyike mkutanoni, wapya wakiwepo, si usiku kwenye kundi la WhatsApp.

Kufikia wiki ya 6, kila mpya awe na sehemu ya roboti yenye jina lake ubaoni. Mkongwe ruksa kumshauri. Kuibadilisha bila kumuuliza, hapana.