Mbegu ya Bure Humgharimu Mkulima

Mwezi wa kumi, katika bonde moja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, mama mmoja aling'oa kitunguu akakiweka mkononi mwangu. Majani yalikuwa marefu, mabichi, yanapendeza. Chini hakukuwa na kitu, shingo nene tu. "Mwanangu," akaniambia, "miezi minne namwagilia majani." Hakunigombeza. Mbegu zile nilimpa mimi.

Zilikuwa pakiti nzuri zenye picha, ambazo rafiki yetu alituletea kutoka Uingereza ndani ya begi lake. Kikundi chetu cha kugawa mbegu za mboga kilikuwa bado kichanga, na mimi nikaona tumepata baraka. Nilikosea mara mbili. Kwanza, mbegu zinazoingia nchini zinahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea hata zikiwa zawadi, maana magonjwa husafiri ndani ya mbegu. Kosa la pili ndilo lililomuumiza yule mama. Vitunguu vya Ulaya ya kaskazini husubiri mchana mrefu, wa saa 14 na zaidi, ndipo vianze kujaza. Mchana wetu huku haupiti mbali na saa 12 mwaka mzima. Vingesubiri hadi leo. Aina za Red Creole au Bombay Red zingejaza bila shida, na zote zinapatikana kwenye maduka yetu ya pembejeo.

Tangu siku ile nimeacha kuita mbegu zetu za bure. Pakiti ni bure, lakini maji yamechotwa kwa ndoo, samadi imebebwa kichwani, na kipande cha bonde kimekodiwa kwa msimu mzima. Mbegu ikifeli, hasara yote inabaki kwa aliyepokea.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanzisha shirika kama hili, ukishajisajili kwa Msajili wa NGOs, kabla hujanunua chochote nenda ukakae na wanaopika. Sisi tulidhani tunajua. Akina mama wakatuambia wanataka bamia, nyanya chungu, nyanya na mchicha wa majani mapana. Mlenda, ambao tuliuweka wa kwanza kwenye orodha, hawakuuhitaji kwetu kabisa: unaota wenyewe mashambani, wanauanika na kula kiangazi chote.

Wahisani wakikuambia wanatuma pakiti, waombe kwa heshima watume fedha. Nunua hapa hapa, kwa muuzaji aliyesajiliwa, mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Chukua pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani. Gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300, inatosha bustani ya nyumbani na kubaki. Usifungue kopo kubwa ukagawa kwenye vikaratasi: lebo itabaki ofisini kwako, na mkulima hatakuwa na cha kuonyesha mbegu zikigoma.

Tena usigawe mbegu ambazo hujazipima, hata kama lebo ni mpya. Hesabu 100, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, funika, weka kivulini, usiache zikauke. Mchicha utaanza kuchipua ndani ya siku chache. Nyanya chungu ivumilie hadi wiki mbili. Zikiota 80, gawa kwa amani. Zikiota 50, mwambie mkulima apande mara mbili. Chini ya hapo mimi nazirudisha dukani, hata kama nitagombana na mtu.

Mbegu nyingi hufa kabla ya kufika shambani, na kinachoziua ni joto na unyevu. Tulikuwa tunazihifadhi kwenye chumba cha bati, na huku Dodoma mchana bati ni tanuri. Sasa tunatumia chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana, chini tunaweka mchele uliokaangwa hadi ukauke kabisa ili unyonye unyevu, kisha chupa zinakaa ndani ya mtungi kwenye kona yenye ubaridi. Mbegu za vitunguu usizilaze zaidi ya mwaka. Halafu angalia kalenda: mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaisha mwezi wa nne, na bustani za mabondeni zinaanza baada ya hapo. Mbegu zikifika mwezi wa nane umechelewa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni pale kijiji kinapoacha kutuhitaji. Tunatoa nyanya aina ya Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997, kwa sababu mkulima anaweza kukamua mbegu zake mwenyewe, kuzichachusha siku mbili tatu, kuziosha na kuzianika kivulini. Mbegu chotara, ya aina mbili zilizochanganywa, huzaa sana, siidharau, ila mwambie mapema kwamba watoto wake hawatafanana na mama. Mchicha ni rahisi zaidi: acha miche michache mizuri ikomae, piga masuke, pepeta.

Mwaka huu yule mama wa vitunguu amewagawia mchicha majirani zake wote. Tulipokwenda na pakiti, akazirudisha. Anataka karoti, ambayo kwa joto letu haitoi maua wala mbegu. Fedha zetu za msimu huu zinakwenda huko.