Re: Kiwanda cha zamani cha wiski kikikarabatiwa kwa ajili ya watalii, si kinapoteza asili?

Mkuu swali lako zuri ila jibu ni inategemea wameanza na nini. Chukua kiwanda cha wiski cha Rosebank pale Falkirk, Scotland, ilifungwa 1993 halafu wezi wakaja kubeba mpaka yale mapipa ya shaba ya kuchemshia pombe lol. Sasa hapo utasema asili gani inapotea? Wamiliki wapya walikinunua 2017 wakachongesha mapipa mapya kwa kufuata michoro ya zamani, bomba refu la moshi la matofali wakaliacha, ila upande wa barabarani wakaweka vioo vikubwa ili hata mpita njia aone mitambo. Kikafunguliwa tena 2024. Mimi hiyo ya vioo naiona akili kubwa, maana mgeni anataka kuona kazi ikifanyika, siyo kusomewa historia ukutani kama yuko darasani.

Brora, kiwanda kingine cha wiski huko huko Scotland, wao walienda mbali zaidi, kilifungwa 1983 kikarudi 2021, jengo la mapipa ya kuchemshia wakalibomoa na kulijenga upya kwa mawe yale yale, na mapipa ya zamani wakayapeleka mji wa Alloa kukarabatiwa. Kisa cha hangaika yote hiyo ni kwamba umbo la lile pipa linachangia ladha, ukibadilisha shingo yake umeshabadilisha wiski. Kwa hiyo duka na baa jengeni mnavyotaka, mapipa msiyaguse ovyo.